Kesi ya Jaji, jogoo wangu

Jumapili jioni. Nyarugusu ni vumbi tupu leo, na moyo wangu nao ni vumbi.

Naongea tu, simu inaandika. Shule sikuingia hata kwa dirisha, lakini sheria za nchi hii nazijua zote, tangu za babu zangu. Anayebisha aje.

Asubuhi Kulwa, mchimbaji aliyepanga kwangu, aliweka punje yake ya dhahabu kwenye sahani uani, akaingia ndani kuchukua sumaku ya kuisafishia. Anatoka, sahani tupu, na jogoo wangu Jaji anafuta mdomo mchangani. Kulwa akataka kisu.

Nikasema hapana, hii ni kesi. Akaitwa mwenyekiti wa kitongoji na wazee wawili wa sungusungu.

Nikawapa somo. Enzi za watemi, machifu wetu, wazee walikaa, wakasikiliza, wakapatanisha. Mjerumani akaleta kiboko. Mwingereza akaleta ushahidi na majoho. Uhuru ulipokuja watemi tukawaondoa, Mwingereza akaenda kwao, sheria zake tukabaki nazo kama godoro la mgeni: limebonyea kwa umbo lake, lakini tunalilalia. Na sheria ya leo inasema madini yote ni ya Jamhuri.

Nikamgeukia Kulwa, kama baba kwa mwanawe. "Leseni iko wapi, ng'wanawane?"

Akatazama ndala zake. Nikajiona wakili mkubwa.

Mwenyekiti akasema basi, dhahabu ni ya serikali na Jaji ni kidhibiti. Apelekwe Geita mahakamani, akae huko mpaka kesi iishe.

Kesi ya shamba la shemeji yangu ilianza akiwa na nywele.

Nikawaambia jamani, turudi kwa watemi, ile ndiyo sheria yetu hasa. Mwenyekiti akatabasamu.

"Umesema mwenyewe, Baba Nkwimba. Na kwa watemi kesi haifungwi mpaka wazee wale nyama."

Kuku mwingine sina.

Jaji alichemka mchana kutwa, mbishi kama mwenyewe. Firigisi ni ya baba mwenye nyumba, hilo hata Mjerumani hakuligusa, kwa hiyo niliipasua mimi, Kulwa akinipumulia shingoni. Ndani mchanga, na kifungo cha shati langu la kanisani. Hatia alikuwa nayo, ila ya kesi nyingine.

Punje ameiokota Mama Nkwimba sasa hivi, akifagia uani.

Kulwa ameniamkia shikamoo ya adabu kabisa. Nimeitikia marahaba huku nang'oa nyama kwenye meno.

Kesho kutakucha tu. Sijui nani atanitangazia.