Yai la Nyanya

Mashimoni, Kibera

Shangazi Jawahir, salaam aleikum.

Hili sijamwambia mtu yeyote: yai la Nyanya nalikula mimi.

Hapa maji yamerudi, na mdogo wangu Ilyas ameng'olewa jino. Lakini kile kidonda cha Nyanya, cha kulala sana, kimeingia ndani. Tunamgeuza kama nesi alivyosema, naye anatutania, "Kwani mimi ni chapati?" Nesi alisema pia dawa peke yake haifungi kidonda, lazima ale vizuri: mayai, maharagwe, maziwa. Basi kila mchana Mama anamchemshia yai. Mimi ndiye wa kumlisha.

Mama akitoka tu, Nyanya anakisukuma kijiko mdomoni mwangu. "Kula wewe. Mimi nikila nitajichafua hapa kitandani, na ni wewe utaniosha. Hiyo si kazi ya msichana wa shule. Na ukisema, hata uji sitagusa." Nilikataa siku moja, akafunga mdomo hadi kesho yake. Mama akiona sahani tupu ananisifu, nami nashindwa kumtazama.

Ningepiga simu, lakini kwa chumba kimoja kila mtu anasikia. Shangazi, wewe ni binti yake, hakuonei haya. Toka huko Kawangware uje umlishe, umuoshe wewe mwenyewe, kabla hajaisha. Usiseme nimekuandikia.

Wako,
Ruweida

Nasikia malapa ya Mama mlangoni, analeta yai. Nyanya amefungua macho, ananingoja. Wacha nifiche hii