Mgawa Maji wa Orselle

Lyon, 9 Februari 1983

Mama mpendwa,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, kikohozi kimeniacha. Sijui wewe na goti lako kwenye baridi hii. Kuni zipo?

Nina habari njema. Baraza la mji wetu limenichagua nipange makumbusho ndani ya ukumbi wa zamani wa chemchemi ya maji ya tiba. Miaka sita nimefuta vumbi kwenye vitu vya wengine. Hii kazi ni yangu mwenyewe. Meya anasema ikivutia watu nitaajiriwa moja kwa moja, nirudi Orselle, niwe dakika tano kutoka mlangoni pako.

Wewe ndiye mgawa maji wa mwisho aliye hai. Niandikie ilivyokuwa: vazi jeupe, glasi za wageni, na ule unywaji wako wa asubuhi. Usinibanie.

Mwanao,
Régis

Orselle, 27 Februari 1983

Mwanangu Régis,

Barua imefika, nami sijambo. Goti ni lile lile, mvua ikikaribia linanijulisha kabla ya redio. Kuni zipo, jirani kanipasulia. Nawe kula vizuri, huko Lyon wanajua kupika.

Umesema nisibanie, basi sibanii. Tulifungua saa kumi na mbili asubuhi. Kila mgonjwa alikuwa na glasi yake, imetundikwa kwenye msumari wenye namba, na ilikuwa aibu kwetu kumuuliza mtu namba yake mara ya pili. Kabla hawajanywa, mgawa maji alikunywa kwanza mbele yao, kisha akasema: "Imeamka." Maana yake chemchemi iko hai, kunyweni. Hakuna aliyegusa glasi kabla ya neno hilo, hata daktari.

Mwaka 1957 walilipua mwamba ili wapate msingi wa hoteli mpya. Chemchemi ikakauka siku mbili. Siku ya tatu nikafungua bomba, yakatoka maji ya uvuguvugu, nikanywa. Yalikuwa maji ya mfereji wa mji, yamepashwa moto na kutiwa chumvi. Miaka kumi na moja nilikuwa nimeyanywa yale ya kweli, ulimi wangu haungedanganyika. Daktari wa chemchemi, Maubert, alisimama nyuma ya wageni, macho yake kwangu. Nikasema imeamka.

Nilisema hivyo misimu mitatu. Baba yako alikuwa kaburini, wewe una miaka saba, na nyumba tuliyolala ilikuwa ya kazi. Najua hayo hayanitoi kwenye lawama. Kulikuwa na Bi Descamps wa Roubaix, mgonjwa wa figo. Daktari alimwambia maji yetu yanamtosha, naye akaacha dawa zake. Hakumwamini daktari sana. Aliniamini mimi. Alifariki Novemba 1959.

Hayo ndiyo uyaandike ukutani. Nina miaka sitini na minane na sijapata kumwambia mtu.

Mama yako

Lyon, 6 Machi 1983

Mama,

Natumaini u mzima. Mimi naendelea.

Nimesoma barua yako mara mbili na nakuamini. Lakini meya ni mtoto wa huyo huyo Maubert. Unadhani ataniajiri nimwanike baba yake hadharani? Na atapona nani kwa habari hii? Bi Descamps hafufuki. Mimi nimekula na kusoma kwa uongo huo, wala sikuwahi kukuona umekunja uso ukinipakulia. Leo ndiyo unataka nikose kazi kwa ajili ya ukweli? Kaa kimya kidogo tena. Umezoea.

Mwanao,
Régis

Orselle, 11 Machi 1983

Régis,

Sijambo.

Kweli nimezoea. Basi usiandike ukweli. Naomba kitu kimoja tu: mimi usiniweke humo. Si picha yangu, si jina langu. Mtu asije akasimama mbele ya uso wangu akadhani yale maji yalikuwa maji.

Mama yako

Lyon, 2 Mei 1983

Mama mpendwa,

U hali gani? Wiki saba hujaandika, najua umenuna. Mimi mzima, ila usingizi sipati kwa kazi.

Tunafungua Jumapili, tarehe 12 Juni. Nilimwandikia Ghislaine, binti wa Bi Descamps, naye ametupatia glasi ya mama yake pamoja na barua ambayo mama yake alimwandikia mwezi mmoja kabla ya kufa, akikutaja kwa jina: "Honorine akisema imeamka, hata figo zangu zinamsikia." Mama, maneno mazuri kama hayo ningeyaachaje? Nimeyaweka juu ya picha yako, ile ya kofia nyeupe. Usikasirike kabla hujaiona.

Meya anaomba siku hiyo unywe wa kwanza, useme neno lako. Tumeunganisha bomba na mfereji wa mji, ni maonyesho tu, kila mtu ataelewa. Ghislaine anasafiri kutoka Roubaix ili akushike mkono. Nifanyie hili, nami nitakuwa karibu nawe mpaka mwisho.

Mwanao akupendaye,
Régis

Orselle, 13 Juni 1983

Régis,

Afya yangu ni nzuri. Yako nimeiona jana.

Nilikuja kwa sababu nilitaka kumwona huyo binti. Nilipoweka glasi chini bila kunywa, uliwaambia watu kwamba mama amezidiwa na furaha, nao wakapiga makofi. Nikaondoka. Wewe ulibaki na meya.

Ghislaine alinifuata nyumbani na maua. Ana paji la uso la mama yake. Nilimpa kahawa na kipande cha keki ya plamu, na kabla hajamaliza kikombe nilikuwa nimemwambia yote. Hakulia. Aliniuliza kwa nini sikumnong'oneza mama yake hata siku moja, nikamjibu kwamba niliogopa. Aliweka kikombe mezani. Kisha akauliza:

"Mwanao alijua, aliponiomba glasi?"

Hapana ilikuwa tayari mdomoni. Nimezaa mmoja tu, na nilikuwa nimekwisha kuona jinsi ungerudi, jinsi ungepita kwangu jioni kula supu. Nikainuka, nikafungua kabati, nikampa barua yako ya tarehe 6 Machi.

Aliisoma akiwa amesimama. Akaniuliza ofisi za gazeti la Clermont ziko mtaa gani, nikamwandikia kwenye karatasi. Aliitia barua mkobani akaondoka bila kuniaga, na maua akayachukua.

Alilala hotelini. Treni yake ya Clermont ilikuwa leo saa tatu asubuhi. Simu ya jirani ipo, na ningeweza kukupigia jana ile ile. Nilingoja mpaka treni imeondoka, ndipo nikakaa kukuandikia.

Mama yako