Mgeni wa Nyumba ya Kichina

Quakers Hill, Jumanne, Agosti 2021

Na huyu mama yangu naye! Nimempigia simu ya video, nimemwonyesha mchoro wangu wa chuo, nyumba ya Kichina ya zamani: vyumba pande nne, ua katikati, mkomamanga, mtungi mkubwa wa kufugia samaki. Nilitaka anisifu. Yeye akauliza, "Na huu ukuta nyuma ya mlango ni wa nini?"

"Unazuia wapita njia wasichungulie ndani."

"Hapo sawa, hata kwetu Tanga hatupendi kuchunguliwa. Sasa mgeni anapigia hodi wapi? Mbona nyumba nzima haina mtu?"

Nilikasirika. Lakini ni kweli.

Tangu tufungiwe huku ughaibuni kwa ajili ya korona, hakuna aliyeingia humu ndani mwangu. Naogopa nimeanza kuzoea.

Alasiri mlango ukagongwa. Nikavuta khanga, nikaita, "Karibu! Karibu ndani!" kwa Kiswahili, kama niko nyumbani. Kufungua, mfuko wa mchele niliouagiza uko chini, na gari lililouleta linakata kona.

Nimeurudia mchoro. Nimemweka mtu mmoja mbele ya ule ukuta, anasubiri kuitikiwa. Mwalimu akiuliza, nitasema ni mtu wa kuonyesha ukubwa wa nyumba tu.