Hotuba Isiwepo

3 Machi

Kwa binti yangu mpendwa,

Baada ya salamu, napenda kukuarifu kwamba sisi huku nyumbani tu wazima, isipokuwa goti langu la kushoto, ambalo limerudia ukaidi wake, na jino la mama yako, ambalo litang'olewa Jumatatu asipobadili nia tena. Ni matumaini yangu kwamba waraka huu utakukuta na afya, na kwamba siku hizi unakula kabla jiko halijapoa.

Dhumuni la kuandika ni hili. Jana niliitazama filamu yako katika ukumbi wa hapa mjini. Sikukuarifu mapema, kwa kuwa nilitaka kuitazama kama raia wa kawaida asiyemjua mtu. Nilikuwa nimekwisha kuyasoma maneno ya yule mhakiki wa gazeti, na nilikwenda nikiwa na hofu ambayo baba hapaswi kuiandika.

Watu walicheka, sitakuficha. Fundi cherehani alipoanza kuzungumza na cherehani yake, kijana mmoja alipaza sauti, "Mama, inakujibu?" na kicheko kikapita safu kwa safu. Tangu hapo walicheka hata pasipochekesha, maana mtu akishaanza huona haya kuacha mbele ya wenzake. Kufikia robo ya mwisho walikuwa wamekwenda zao. Tukabaki mimi na mama mmoja aliyesinzia na mtoto mapajani. Nawasikitikia. Nani kati yetu hajasema na chombo chake cha kazi? Mimi huiomba radhi taipureta yangu kila herufi ya R inapokwama, na wateja wangu pale barazani hawajapata kunicheka. Wamekuja na malalamiko, kicheko watakitoa wapi.

Lakini walioondoka wamekosa mwisho wake. Mume wa yule fundi anarudi baada ya miaka mingi. Anaketi, anafungua kinywa, anasema na kusema, na wewe umemnyang'anya sauti. Tunaona midomo tu. Mke haachi kushona. Anakata uzi kwa meno, anamvalisha shati, na vifungo havikutani na matundu yake, kwa sababu amelikata kwa vipimo vya siku aliyoondoka mume. Nimewaandikia watu utetezi maisha yangu yote, na sijapata kuona utetezi ukikataliwa kwa adabu kiasi kile.

Kwa hiyo nimekata rufaa gazetini. Mhakiki anadai filamu inamalizikia kwa "hotuba ndefu kuliko ya mgeni rasmi." Nimemjibu: nilikuwapo, hotuba haipo, ni dhahiri kwamba bwana huyu naye aliondoka mapema.

Mama yako alishauri nikuulize kwanza. Ushauri wake nimeuzingatia, baada ya kuituma.

Ni mimi,
Baba yako

17 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo, na Mama naye umfikishie shikamoo yake. Jino lilitoka, au alimkimbia daktari tena? Mimi mwili mzima, roho ndiyo ina homa.

Baba, hotuba ipo. Ni dakika nne nzima, na nyuma yake kinanda kinalia. Ndiyo sehemu iliyochekwa kuliko zote kila mahali ilikoonyeshwa. Sijui wewe uliona nini. Gazeti limeichapa barua yako yote, na "ni dhahiri" yako humo humo, na chini yake mhakiki ameweka mstari mmoja: "Tunashauri mzee akapimwe masikio." Hapa studio wameikata na kuibandika juu ya birika la chai. Si watu wabaya. Wakija kumimina wanauliza, "Leo mzee kasemaje?" Nacheka nao, halafu naenda kujifungia chooni.

Asante kwa kunitetea. Sasa nakuomba uache. Mwenye studio ameshaiondoa filamu kwenye kumbi zote, na nyingine hatanipa. Kuna kampuni ya mabati inatafuta mtu wa kuwapigia matangazo, wanataka jibu langu kabla Juni haijaisha. Nadhani nitakubali, na kamera ya filamu ndiyo basi tena. Mabati hayana mhakiki.

Usikasirike, Baba. Na kama kweli husikii vizuri siku hizi, niambie. Hilo linaniuma kuliko filamu.

Mwanao

2 Aprili

Kwa binti yangu mpendwa,

Natumaini homa ya roho imeanza kushuka. Jino lilitoka, mama yako amelihifadhi kwenye kikombe kama kielelezo dhidi ya daktari.

Kuhusu masikio, nimepimwa. Daktari ni binti wa rika lako. Alisimama mlangoni akaninong'oneza maneno, nami nikamrudishia yote, pamoja na yale aliyomwambia muuguzi kuhusu koti langu. Masikio ni mazima.

Kwa sababu hiyo nilikwenda ukumbini kumhoji fundi mitambo.

"Ah, siku ile? Spika ziliungua, mzee. Zote."

"Mbona hukutangaza?"

"Nimtangazie nani? Mlikuwa wawili, na mmoja amelala."

Basi niliyosema kuhusu hotuba hayakuwa kweli, nami nayarekebisha bila kinyongo. Nililiandikia gazeti marekebisho ya neno moja, likakataa kuyachapa. Nayaleta kwako, uliye mwenye shauri. Niliposema "hotuba haipo," sasa isomeke "hotuba isiwepo."

Hukumu niliyoitoa juu ya filamu inabaki kama ilivyo. Kuhusu mabati, wewe ni mtu mzima.

Baba yako

11 Juni

Baba,

Shikamoo. Nimenyamaza muda mrefu, najua kichwani umeshaniandikia barua kumi za kuniuliza nimekula nini. Nimekula. Goti linaendeleaje?

Barua yako ya mwisho niliisoma nimesimama, nikaitia kwenye droo kwa hasira. Barua ilitulia humo, neno lako halikutulia. Napiga mswaki: isiwepo. Niko kwenye foleni ya maji: isiwepo. Jumapili moja nikaingia studio peke yangu, nikazifuta zile dakika nne. Sauti ya mume, kinanda, vyote. Nikakaa nikatazama midomo tu, kama ulivyotazama wewe.

Nikamwonyesha mwenye studio. Akatazama mpaka mwisho, akauliza, "Hii ulikuwa umeificha wapi?" Nikamwambia haikuwepo. Amenipa ukumbi mmoja, wiki moja, nami nikaomba uwe huo wa kwenu. Watu wa mabati nimewaambia wasubiri. Watu wakitoka tena kabla haijaisha, natia saini kwao, na usinibembeleze.

Kuna kitu sikukwambia. Hotuba ile ilikuwa yako, Baba. "Kwa heshima na unyenyekevu, naomba kuwasilisha mbele yako sababu za kuchelewa kwangu." Ni maneno niliyoyasikia nikiwa mdogo, nimekaa chini ya meza yako pale barazani, taipureta inalia juu ya kichwa changu. Mume yule nilimpa lugha nzuri kuliko zote ninazozijua, ili siku utakapoisikia ukumbini ujue ni zawadi. Halafu watu wakaicheka, na wewe mwenyewe ukaniambia niiondoe, bila kujua unaondoa nini. Nimeogopa kukwambia mpaka leo.

Siji kwenye onyesho, moyo hauwezi. Nangoja barua yako.

Mwanao

25 Juni

Binti yangu,

Waandikie watu wa mabati leo hii, kwa lugha ya heshima, kwamba hutafika.

Kuhusu zawadi, nimeipokea. Niletee nakala yake. Nitaisoma hapa sebuleni, na mama yako amekubali kusikiliza, mradi isizidi hizo dakika nne.

Sasa ya jana. Nilikwenda na mama yako. Mfukoni nilikuwa na utetezi wa kurasa tatu, wa kusomwa kwa sauti endapo ingetokea fujo. Ukumbi ulijaa nusu. Kwenye cherehani walicheka kama mara ya kwanza, na mama yako akacheka nao, nilipomtazama akasema, "Nacheka kwa kuwa ni kweli." Lakini hawakutoka.

Kisha mume akaketi, akafungua kinywa, sauti ikakatika. Miluzi ikaanza.

"Fundi, sauti!"

"Umelala huko juu?"

Fundi mitambo akatoa kichwa kwenye kidirisha chake. "Spika nzima! Ndivyo ilivyotengenezwa!" Hakuna aliyemwamini.

Nikasimama. Nikatoa karatasi, nikavaa miwani, nikawageukia watu. Nikiwa bado natafuta mstari wa kwanza, nikatambua kwamba miluzi imekoma. Nilidhani wananingoja mimi. Lakini nilipowatazama, hakuna hata mmoja aliyekuwa akinitazama. Wote walikuwa wamepindisha shingo, wanachungulia pembeni ya bega langu, kule kwenye vifungo.

Mtu wa safu ya nyuma akaniambia taratibu, "Mzee, kaa chini. Unatuziba."

Nilikaa.

Baba yako