Koti la Kapteni

Songwa, 6 Julai 1975

Ng'wanawane Athanas,

Mimi mzima, ila goti tu linasumbua. Wewe unakula?

Nimesomewa habari za yule Mhispania wako mtunga michezo: alikuwa askari, akawa padre, akaandika mpaka uzeeni, akafa karibu miaka mia tatu iliyopita. Haya, yeye ameshakufa. Wewe uko hai, na unataka wanafunzi waigize kapteni anayeonea wakulima, mbele ya Katibu Tarafa mpya! Mwanangu, wakubwa hawapendi. Kama ni lazima, koti la kapteni hilo nakutumia. Nililinunua mnadani kwa mke wa mtumishi mmoja wa serikali, Mzaramo, walipokuwa wanahama.

Mama yako

Geita, 18 Julai 1975

Shikamoo mayu,

Goti linaendeleaje? Barua hii anakuletea mwalimu mwenzangu, Donatus. Niko mahabusu, usilie.

Mchezo ulikwenda vizuri mpaka kapteni alipotokea. Mke wa Katibu Tarafa akapiga ukelele: "He! Koti la Baba Mwajuma! Na kiraka changu!" Ukumbi ukaangua kicheko. Katibu anasema nimetunga mchezo kumtukana yeye. Nimemweleza mtunzi alikufa zamani. Anasema marehemu amelijuaje koti lake yeye Katibu. Anataka jina la aliyenipa, la sivyo Ijumaa ijayo napelekwa Mwanza. Sitasema. Mayu, usije.

Mwanao

Geita, Alhamisi, 24 Julai 1975

Ng'wanawane,

Hujambo humo ndani? Askari atakupa kikaratasi hiki. Nimekuja na lori la pamba, usinigombeze.

Nimekwenda kwa Katibu. Kumbe ni yule yule Mzaramo ambaye mkewe aliniuzia koti! Mimi Msukuma, yeye mtani wangu. Nikamwambia mbele ya makarani, "Wewe Mzaramo, mnatuuzia nguo, kisha mnamfunga anayewavalisha watu? Nifunge mimi niliyenunua!"

Mwanangu, nikaona nimekumaliza.

Akauliza, "Na huyo Mhispania, naye ni mtani wetu?"

Nikasema, "Ni wako wewe. Yule ni mtani wa kila mkubwa."

Akacheka. Ndipo makarani nao wakathubutu kucheka. Sasa anaandika karatasi ya kukutoa. Mchezo anataka kuuona tena mpaka mwisho, ila koti lake arudishiwe.

Toka upesi. Nimekuletea michembe, viazi vyetu vitamu vya kukausha.

Mama yako, niko hapa mlangoni