Barabara Inapita Ndani ya Chumba Chetu cha Mbele

Baba Exaucé mpenzi,

Unisamehe kwa kukaa kimya muda wote huu. Kila nilipoketi niandike, mtoto alilia, ao maji yalirudi kwenye bomba nikakimbia na bidoni, ao nilikuwa na hasira nikasema ipoe kwanza. Haikupoa. Na kwenye simu unajua mwenyewe: alo, alo, halafu mtandao wa Kilwa, huko ziwani, unakata. Neno hili halitakiwi kukatwa katikati. Kesho kuna kamyo ya mahindi inayokuja huko, shofere amekubali kubeba barua. Basi naandika hivi hivi, mtoto mgongoni.

Unakumbuka kile kichuguu? Siku shefu wa mtaa alipotupeleka kwenye majani marefu, akanyoosha fimbo: "Kutoka hapa mpaka ku kichuguu ile, ni yenu." Kilikuwa kirefu kupita nyumba, na mti umeota juu yake. Mimi nilitazama ukubwa wa kiwanja. Wewe ulitazama udongo tu. Uliukwangua, ukaulowesha kwa mate, ukaufinyanga kidoleni, ukacheka kama mtoto: "Mama Exaucé, matofali njo hii! Mungu alishatuchanganyia."

Tukakichimba kiangazi kizima. Mimi nachota maji na mimba ya huyu mdogo, wewe unapiga matofali, Exaucé anakanyaga udongo na kujipaka mpaka masikioni. Tanuru lilipowaka, moshi ulifunika mtaa wote, na watu walipita wakitupongeza. Mwishowe mahali pa kichuguu palikuwa sawasawa kama meza. Kila mtu hapa anafanya vile, nani angetukataza? Hakuna aliyetuambia kwamba tulikuwa tunachoma mpaka wetu wenyewe.

Tukajenga annexe, kijumba cha huko nyuma, tukaingia kulala, kama wote wanavyofanya wakingoja nyumba kubwa. Kisha, kabla hujaenda Kilwa, ukasimamisha chumba cha mbele. Madirisha mawili. Uliupiga ukuta kwa kiganja, ukasema: "Nikirudi, inabaki manjanja tu juu, mabati ya kung'aa."

Sasa sikia. Watu wa urbanisme, wale wanaopanga mji, walikuja na kopo la rangi nyekundu. Nilikuwa nafua. Wakapiga msalaba juu ya ukuta wako.

"Mama, hapa iko avenue."

"Avenue gani? Hapa iko salon yangu ya kupokea wageni!"

"Bwana yako eko wapi?"

"Eko Kilwa."

"Anafanya nini kule?"

"Anajenga."

Wakaangaliana, wakacheka. Na mimi ningecheka, kama salon ingekuwa ya mwingine.

Mama Bénie, jirani yetu wa upande wa kichuguu, alikuwa amesimama pale anasikiliza yote. "Mulikula mpaka," akasema, "sasa mpaka inakula ninyi." Nikamjibu: "Na weye uliyekuya kuomba matofali ya jiko, ulishasahau?" Akacheka, akaja kunisaidia kukamua mashuka.

Nilikwenda kwenye ofisi yao nikiwa tayari kwa vita. Maneno yote niliyapanga njiani. Nikakuta mama mmoja, umri kama wa mama yangu, wanamwita Mama Ingénieur. Hakunijibu kwa ukali. Alinizungusha nyuma ya meza, akatandaza karatasi kubwa ya mtaa wetu, akasema: "Onyesha nyumba yako." Nikatafuta kwa kidole. Haikuwapo.

"Njo vile, mwanangu. Huku nyumba yenu haiyazaliwa bado."

Akanieleza polepole, kama mtu anayefundisha kupika bukari. Kwanza wanatazama maji ya mvua yanateremkia wapi. Halafu wanachora barabara na mifereji. Halafu wanaacha nafasi ya shule na soko. Ndipo wanakata viwanja, na mpimaji anasimika alama za saruji pembeni. Baada ya hapo mwenye kiwanja anachora nyumba yake, anaomba ruhusa ya kujenga, na mwisho kabisa anabeba chepeo achimbe msingi.

"Na ninyi mulianzia fasi gani?"

"Ku matofali," nikasema.

Hakucheka. Aliniuliza kitu kimoja tu: masika iliyopita, maji yalipita wapi? Wewe unakumbuka yalipita wapi. Unakumbuka yalivyofurika kutoka mbele, tukainua kitanda juu ya matofali, na Exaucé akauliza kama sasa tunaenda Pweto kwa mtumbwi. Mstari wa karatasi ile unapita palepale. Nilikwenda kugombana na mtu, nikakuta maji.

Tangu siku hiyo situlii. Nikienda katikati ya mji naona mistari: zile avenue za zamani zilizonyooka, mfereji huku na huku, miti nyuma ya mfereji, nyumba nyuma ya miti. Miaka yote nilipita pale nikifikiri ni uzuri tu. Nasimama barabarani kama mjinga, Exaucé ananivuta sketi: "Mama, twende." Nikirudi nyumbani, nauona msalaba mwekundu kabla sijaona mlango. Naketi, naamka, naenda kuutazama tena.

Kiwanja hakijapotea, Baba Exaucé, Mama Ingénieur ameniambia. Annexe iko ndani ya mstari, inaweza kupata karatasi. Chumba cha mbele ndicho kiko barabarani. Tukikitoa sisi wenyewe kabla ya mashine kuja kufungua barabara, mvua zikiisha, watapokea dosye yetu, karatasi zote za kiwanja, na kutuwekea alama. Tukingoja mashine, itasomba ukuta na matofali, na sisi tutabaki watu wasio kwenye karatasi.

Najua ukuta huo ni nini kwako. Hukukubali nikupe hata tofali moja lenye ufa. Lakini wewe uko huko, watoto wako hapa, na mimi nimeshaamua: ukuta utashuka. Usinitumie ndugu yako aje kunituliza. Nitumie hivi:

Fotokopi ya karte yako ya elektere, ile ya kupigia kura, mbele na nyuma.

Karatasi aliyotuandikia shefu, iko kwenye mfuko wa pembeni wa sakosi yako ya safari.

Barua yenye sahihi yako, kwamba naweza kupeleka dosye, na majina yetu mawili yaandikwe, langu na lako.

Nyundo yako na burin ile ndogo, patasi ya chuma. Ile kubwa inavunja, na mimi nataka matofali yote yashuke mazima.

Samaki wakavu wa kutosha, kwa sababu Mama Bénie amesema atakuja na watoto wake kutusaidia, na watu hawabomoi na njaa.

Na karatasi moja nyeupe uliyochorea chumba kipya cha mbele, kidogo kuliko cha kwanza, kinachoanzia nyuma ya kijiti nilichosimika penye mstari wa Mama Ingénieur. Madirisha yaache mawili.

Mke wako,
Mama Exaucé