Siendi tena Ureno

Al-Safa, Jeddah. Jumanne, 10 Julai 2018

Siendi tena Ureno. Madam ameniambia leo nikikunja nguo za watoto za kuogelea: "Wewe utakaa Riyadh kwa mama yangu mpaka turudi. Halas, basi."

Kila likizo wafanyakazi huazimwa hivyo, najua. Lakini mimi aliniahidi.

Na mambo ya kufanya huko aliyaorodhesha Mwikali wangu, anayesomea utalii Mombasa na kuwashinda wote darasani. Niingie mapangoni kwa boti, nile samaki wa kuchoma ufuoni, nitembee juu ya majabali kabla jua halijawa kali. Nikamsomea madam kwa maringo. Akaniambia nimwandikie. "Binti yako ana akili, mashallah." Jioni nimemsikia akimsomea dada yake orodha hiyo kwenye simu kana kwamba ameitunga yeye.

Mwikali amenitumia ujumbe: "Mama, usisahau picha ukiwa majini." Nami nimeshawatangazia kina mama wote wa kanisani kwetu nyumbani kwamba naenda. Bado sijamjibu, kwa sababu nikimwambia...

Wakirudi, ukoo mzima unakusanyika Riyadh kwa mama yake madam kusikia habari za bahari, na mpishi ni mimi. Ijumaa, tarehe kumi Agosti.